Majitaka na Jirani Tusiyemwona

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016 ujenzi umeshika kasi. Anayejenga kwenye mteremko hushawishika kuchimba chumba cha chini ya ardhi, kisha akakiwekea choo na bafu. Hapo huibuka swali linalozidi ufundi bomba: aliyeingiza maji nyumbani kwake anawajibika nayo mpaka wapi? Naamini wajibu wake hauishii ukutani wala kwenye mpaka wa kiwanja. Unaishia pale ambapo maji hayo hayawezi tena kumdhuru mtu, hata kama mtu huyo hatamwona maishani.

Chumba kilichochimbwa chini kinauweka wazi wajibu huo. Majitaka ya vyumba vya juu hushuka yenyewe kwa mteremko. Yanayotoka chini ya usawa wa bomba la mtaa lazima yapandishwe kwa pampu, tena kwa valvu ya kuyazuia yasirudi ndani. Umeme ukikatika au pampu ikiharibika, uchafu hukaa pale pale. Kwa hiyo wema wa mwenye nyumba haukamiliki siku fundi anapolipwa. Unadai matunzo ya kila mara. Na nyumba nyingi za Dodoma hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Zinategemea karo na shimo la kunyonya, na kinachonyonywa huelekea chini, katika nyanda ambako mvua ya mwaka haifiki milimita 600 na visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, vimelisha mji kwa miongo mingi.

Wapo watakaosema kiwanja ni changu na fedha ni yangu. Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu, lakini ibara ya 27 inamtwika kila mmoja wajibu wa kulinda maliasili. Wengine watasema udongo huchuja. Ni kweli, huzuia vijidudu vingi penye kina cha kutosha, lakini naitreti itokanayo na mkojo na kinyesi huyeyuka na kusafiri na maji. Hoja nzito zaidi ni ya umaskini: mtu atawezaje kulipia gari la kunyonya majitaka wakati mtandao haujamfikia? Hapo lawama haiwezi kuwa sawa kwa wote. Serikali inadaiwa mabomba, naye asiye na uwezo anadaiwa kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini anayemudu kuchimba chumba cha ziada hawezi kujificha nyuma ya umaskini wa mwenzake.

Dini zetu hazikuliona jambo hili kuwa dogo. Torati iliwaagiza Waisraeli wafukie kinyesi nje ya kambi, na mafundisho ya Uislamu yanakataza kujisaidia kwenye njia ya watu na penye vyanzo vya maji. Kote kuwili usafi wa mwenye kuabudu umefungamana na usalama wa wengine. Anayetawadha au kuoga kwa ajili ya ibada, kisha akaachilia uchafu wake uingie kwenye maji ya mwenzake, ametimiza nusu ya tendo. Ndiyo maana bomba la kutoa majitaka linastahili kupangwa kabla ya bomba la kuingiza maji, na gharama ya kulitunza ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya nyumba.