Waya wa Dhahabu

Nianze kwa kukiri: mimi nimewahi kumdanganya mtu, ila hadi leo sijui nilimdanganya kwa neno gani. Hilo ndilo nataka tulijadili, ndugu msomaji.

Nilikuwa nauza duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Siku moja akaingia mama mmoja, mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo kimetoka, kanunua televisheni ya inchi 43, sasa anatafuta waya wa HDMI wa kuunganishia king'amuzi. Tulikuwa na wa shilingi 10,000 na wa shilingi 85,000. Huu wa pili ulifumwa kwa uzi mweusi, ncha zinang'aa dhahabu. Akauliza, "Mwanangu, upi mzuri?" Nikaushika wa dhahabu, nikasema, "Huu ni mzuri sana, mama." Basi, sikuongeza neno. Alilipa, risiti hakuitaka. Alisema kijana mwenye adabu kama mimi hawezi kumwibia.

Kila waya wa bei kubwa uliotoka, tajiri alinipa elfu 5.

Hebu sasa tupime. Waya ule haukuwa mbaya. HDMI ilitoka mwaka 2002. Kichwa chake kina pini 19, na kinachopita humo ni namba tupu, sifuri na moja. Namba ni kama maneno ya barua: mjumbe akija peku au akija na suti, salamu ni zile zile. Waya ukishindwa kazi hauleti rangi iliyofifia. Kioo hutoa vidoti vinavyometameta, au picha inakatikakatika, au giza kabisa. Ukiona imetulia, ujue imefika yote, na waya wa ghali hauna cha kuongeza. Dhahabu haishiki kutu, kweli, na sisi wa pwani chumvi tunaijua. Lakini hata ule wa elfu 10 ulikuwa umepakwa dhahabu kidogo kwenye pini!

Nisiwe mnafiki. Pengine bei kubwa ina sababu yake. Ukivuta waya mita 15 kupitia darini, ulio hafifu hufia njiani. Na kwa mashine za michezo zinazotaka kupitisha biti bilioni 48 kwa sekunde, tafuta wenye lebo ya Ultra High Speed. Ila mama wa watu alikuwa na king'amuzi tu, na toka king'amuzi hadi televisheni hakuna hata mita mbili.

Kwa nini basi aliamini upesi hivyo? Nadhani ni kwa sababu ya chenga. Kabla mitambo ya analojia haijazimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, sote tulipanda juu ya bati kugeuza antena huku mtu anapiga kelele toka ndani, "Bado! Hapo hapo! Umepitiliza!" Enzi zile waya bora ulipunguza chenga kweli. Kwa hiyo mama hakuwa mjinga. Alijua jambo ambalo lilikuwa kweli, na mimi nikalitumia baada ya kwisha muda wake.

Tajiri wangu hakuona kosa. "Kwani ulimwambia uongo? Umesema mzuri, si ni mzuri?" Baadaye nilimsoma Immanuel Kant, Mjerumani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1785 anataja muuza duka asiyempandishia bei mteja asiyejua, hata mtoto ananunua kwa bei ya wote, kisha anahoji kama mtu huyo anatenda hivyo kwa kupenda haki au kwa kulinda biashara yake. Jamani! Kumbe na mimi bei yangu ilikuwa ya wote, imebandikwa ukutani. Kwa kipimo cha bei nimepona. Lakini mama hakuniuliza bei. Aliniuliza upi mzuri, yaani aliniazima macho yangu kwa kuwa yake hayakujua, nami nikamtazamia kwa jicho la elfu 5.

Miezi mitatu baadaye akarudi, anacheka. "Mwanangu, picha kama dirisha! Nipe mwingine wa dada yangu."

Hapo ndipo kazi ilipo. Nikinyamaza, dada anaibiwa na mama anabaki na furaha yake. Nikisema, naiharibu furaha ambayo yeye kaigharamia, na picha yake haibadiliki hata kidogo. Nikatoa ule wa elfu 10.

"Mpelekee huu, mama. Ni sawa tu."

"Sawa na wangu?"

"Sawa na wako."

Aliugeuzageuza mkononi, akanitazama, akaweka noti ya elfu 10 mezani.

"Niandikie risiti," akasema.