Shamba la Mefiboshethi

Masomo: 2 Samweli 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30



Habari ya Mefiboshethi twaijua tangu shule ya Jumapili, lakini wengi wetu twaijua nusu tu. Twawafundisha watoto kwamba mfalme Daudi alimkumbuka Yonathani rafiki yake, akamtafuta mwanawe aliyelemaa miguu yote miwili, akamketisha mezani pake. Kisha twafunga kitabu, na watoto waenda zao. Mwezi huu nawaomba wainjilisti na wazee wa kanisa wasome mpaka sura ya 19, kwa kuwa sehemu ile tuliyoizoea kuiacha ndiyo inayotuhusu sana sisi tukaao Ufipa katika siku hizi, ambapo serikali imebadili taratibu za fedha zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Mefiboshethi hakuzaliwa na ulemavu. Alikuwa mtoto wa miaka 5, na habari za kufa kwa Sauli na Yonathani zilipofika, mlezi wake alimchukua akakimbia naye kwa hofu, naye akaanguka. Akakua huko Lo-debari, katika nyumba ya Makiri, mbali na mji wa mfalme. Daudi alipokwisha kuthibitika katika kiti chake akauliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli apate kumtendea mema. Aliyejibu ni Siba, mtumishi wa nyumba ile. Liangalieni jambo hili: tangu siku ya kwanza habari za Mefiboshethi zilimfikia mfalme kwa kinywa cha mtu mwingine. Mfalme akamrudishia mashamba yote ya babu yake, akamwagiza Siba ayalime, yeye na wanawe 15 na watumishi wake 20, na mavuno yaletwe kwa bwana wake. Agizo lilikuwa jema, wala hatuna la kulilaumu. Tena yafaa tukumbuke kwamba katika sura ya 5 ulikuwako msemo wa kuwazuia vipofu na viwete wasiingie nyumbani, na hapa tena mtu wa namna hiyo ala mezani pa mfalme kila siku. Ila agizo lile jema lilipita katika mikono ya Siba.

Serikali ya nchi yetu nayo imetoa maagizo mema. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja ya ajira na moja ya matunzo. Mwaka 2009 taifa letu liliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, ambayo pamoja na mengine yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe kwamba 3 katika kila 100 ni watu wenye ulemavu. (Sheria hiyo yasema “mtu mwenye ulemavu”, nasi tujizoeze kusema hivyo. Lugha yetu tangu zamani imewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli moja na kiti na kikapu, na sikio la mtu halikosi kulisikia jambo hilo, hata kama anyamaza.)

Lakini agizo linalogusa mfuko wa mtu wa kijijini ni lile la mwaka 2018. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliwekwa sawa, kila halmashauri itenge sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani, zikopeshwe pasipo riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani zile 10 ziligawiwa kwa wanawake na vijana peke yao. Kwanza mkopo ulitolewa kwa vikundi tu. Mwaka 2021 kanuni zikarekebishwa, hata mtu mmoja mwenye ulemavu aweze kukopeshwa peke yake. Hilo lilikuwa jambo la busara sana, kwa maana katika kijiji kimoja huwezi kupata kila mara watu wengi wenye ulemavu wanaoaminiana na kufanya kazi moja.

Sasa someni sura ya 16. Absalomu amemwasi baba yake, na mfalme akimbia, amechoka, watu wake wana njaa. Njiani atokea Siba na punda wawili waliotandikwa, na mikate 200, na vishada 100 vya zabibu kavu, na matunda, na kiriba cha divai. Mfalme auliza habari za Mefiboshethi. Siba ajibu kwamba yeye amebaki Yerusalemu akingoja kurudishiwa ufalme wa babu yake. Papo hapo Daudi ampa Siba mali yote. Shauri la shamba lilikatwa barabarani, na mwenye shamba hakuulizwa hata neno moja.

Ndugu zangu, mwajua yaliyotokea katika halmashauri nyingi za nchi hii. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa, na vikundi vingine vilivyoandikwa katika vitabu havikuwako kabisa. Basi mwezi wa Aprili mwaka 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yote ya namna hiyo ili itafute njia nyingine. Sisemi kwamba haikuwa na sababu. Mwenye ghala akiona panya huufunga mlango. Lakini waliokula na wasiokula walifungiwa mlango mmoja. Mwaka mmoja na zaidi ulipita. Mwanamke mwenye nguvu aliyekosa mkopo aliweza kulima kwa kibarua mpaka msimu upite; fundi viatu asiyetembea, aliyekuwa akingoja fedha za ngozi na gundi, aende kulima matuta ya nani?

Tena tujiulize sisi kwa sisi: kikundi kisichokuwako huandikwaje? Hakiandikwi na majini. Huandikwa na mtu anayejua majina ya wenye ulemavu wa mtaa wake, ajuaye ni nani asiyeweza kusoma, ni nani asiyeweza kufika ofisini kuuliza. Naye Siba hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa nyumbani. Ikiwa katika sharika zetu yuko aliyempeleka ndugu yake mbele za ofisa ili apigwe picha, kisha akamrudisha kwenye mkeka wake na shilingi elfu chache za kumnyamazisha, na ajue kwamba habari yake imekwisha kuandikwa katika kitabu cha Samweli.

Mikopo ilirudishwa mwaka 2024, kwa taratibu mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa ziwe za majaribio, fedha zipite katika benki. Na moja katika hizo 10 ni Nkasi, yaani ndugu zetu wa Namanyere, Kirando, Wampembe na Kala. Nyingine, pamoja na Sumbawanga na Kalambo, zilibaki kutoa zenyewe kwa uangalizi uliokazwa. Mimi naona nia ya benki ni kumwondoa Siba katikati. Benki haijui shangazi wala mjomba. Hilo ni jema. Lakini benki nayo haiendi kijijini. Mtu wa Wampembe akaa chini, ufuoni mwa ziwa. Ili afike Namanyere hana budi kwanza kuupanda ukingo wa milima. Vivyo hivyo mtu wa Mtowisa au Ilemba, kule bonde la Rukwa, akitaka kufika ofisi za halmashauri yake ya Sumbawanga huko Laela, apandishe mpaka juu uwandani. Mwenye miguu mizima aona taabu. Mwenye kutambaa, je? Nauli ya pikipiki ni ile ile, na mara nyingine hudaiwa mbili, yake na ya mtu wa kumshika. Akiisha kufika aulizwa kitambulisho, aulizwa simu, apewa karatasi. Asiyeona awekewa kidole gumba juu ya maneno asiyosomewa. Asiyesikia asimama dirishani wala hapana mkalimani wa lugha ya alama.

Hapo ndipo sura ya 19. Mfalme arudi, vita imekwisha, na Mefiboshethi ashuka kumlaki. Hakuitunza miguu yake, hakunyoa ndevu zake, hakufua nguo zake, tangu siku ile mfalme alipoondoka. Mfalme amwuliza kwa nini hakwenda pamoja naye. Naye aeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda amfuate, kwa kuwa miguu yake haiwezi, lakini mtumishi wake alimdanganya, kisha akamsingizia mbele ya mfalme. Punda walikuwako, ndugu. Tulikwisha kuwaona katika sura ya 16, wamebeba mikate. Kilichokosekana ni mtu wa kumtandikia yeye.

Na mfalme afanyaje? Aamuru yeye na Siba wagawane shamba. Wengine husema Daudi hakuweza kujua ni yupi msema kweli. Mimi naona alikuwa amechoka na shauri lile, akataka liishe. Daudi alikuwa mtu wa Mungu, na hukumu ile haikuwa sawa, Maandiko hayakuificha. Mwaminifu alipata nusu ya haki yake, na mwongo akabaki na nusu.

Wako watakaosema, “Lakini serikali imewapa mikopo, wanataka nini tena?” Mkopo ni kitu chema kwa mtu awezaye kuuza, kushona, kufuga kuku, kurekebisha redio, ni heshima pia, maana hukopeshwa yule anayeaminiwa. Bali yuko mtoto asiyeweza kuketi, na mama yake hawezi kumwacha aende shamba kuinua jembe wakati wa kufunika majani katika matuta. Huyo mkopo utamfaa nini, ila kumwongezea deni? Huyo ahitaji ruzuku. Mfuko wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, una mpango wa kuzisaidia kaya maskini tangu mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilichozinduliwa mwaka 2020 kilizitenga kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi, zipate msaada pasipo kudaiwa jasho. Lakini kaya huingia kwa sababu ya umaskini wake, si kwa ajili ya ulemavu wa mtu wake. Jirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2011 wameweka ruzuku kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa hasa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya. Si nyingi, nao hulalamika kwamba huchelewa. Ila mama wa mtoto yule aijua kuwa ni yake. Sioni dhambi Wakristo wa Ufipa wakiwaomba wabunge na madiwani wao jambo la namna hiyo, kwa adabu, na kwa kurudia.

Katika mikutano ya kijiji ambamo majina ya kaya hutajwa, asiyeonekana hatajwi. Na wako wasioonekana kwa sababu tumewaficha wenyewe. Najua, wengine wamewaficha kwa hofu na si kwa haya: mwaka 2013 na tena mwaka 2015 watu wenye ualbino waliumizwa kikatili katika mkoa wetu huu wa Rukwa, hata mama akaogopa kumpeleka mwanawe kisimani. Hofu hiyo siilaumu. Lakini mtoto aliyefichwa asiibiwe, akiachwa hivyo hivyo, hana shule, hana jina katika daftari, wala hapati lile fungu aliloandikiwa.

Sisi Walutheri huku uwandani tu wachache, na ndugu zetu Wakatoliki walitutangulia sana. Hata hivyo kazi hii si ngeni kwa kanisa letu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisheni walifungua nyumba ya watoto waliotolewa utumwani mwaka 1896, na miaka michache baadaye ikawa nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili, wakati ambapo hapakuwa na mtu mwingine katika nchi hizi aliyewapokea. Hawakungoja wawe wengi, wala matajiri.

Mwishoni Mefiboshethi amjibu mfalme kwamba Siba na achukue yote, maadamu bwana wake amerudi salama. Nimesikia neno hili likihubiriwa kwa watu wenye ulemavu, wapate kuridhika. Nawasihi wahubiri, msifanye hivyo. Neno lile lilikuwa lake kulisema, kwa pendo lake mwenyewe. Halikuwa la Siba kumwekea kinywani, wala si letu.

Basi, wainjilisti, kabla ya mwezi huu kwisha pitieni nyumba za mitaa yenu pamoja na mzee mmoja na mama mmoja wa usharika, mwulize katika kila nyumba ni nani hakuja kanisani kwa kuwa hawezi kuja. Mwulizeni yeye mwenyewe, si msemaji wake, anataka nini. Anayetaka mkopo, mmoja wenu afuatane naye kwa ofisa maendeleo ya jamii, na nauli itoke katika sadaka ya huduma. Asiyeona asomewe karatasi yote mpaka neno la mwisho kabla hajaweka kidole chake. Anayehitaji ruzuku, jina lake litajwe katika mkutano wa kijiji, naye awepo. Mwenye punda amtandike, na mwenye pikipiki aitie mafuta.