NASAHA KWA WAZEE JUU YA MABINTI NA SOMO LA BAIOLOJIA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, kila mwaka watoto wetu wa Unguja, Pemba na bara wanapochaguliwa kuingia kidato cha tano, huja wazee chuoni kuuliza: Je, yafaa binti yangu asome Fizikia, Kemia na Baiolojia? Mmoja husema, huko hupasuliwa wanyama. Wa pili husema, hufundishwa mambo ya uzazi. Wa tatu husema, atasomeshwa maneno ya kumtia shaka katika dini. Kisha humtoa binti katika masomo ya sayansi, wakadhani wameihifadhi dini yake.

Lakini mzee huyo huyo, siku mkewe anaposhikwa na uchungu, hufika hospitali akauliza: Hapana daktari mwanamke wa Kiislamu? Basi nasi na tumuulize: Atoke wapi?

Jueni ya kuwa utabibu ni fardhi kifaya. Wakiusimamia watu wa kutosha katika mji, wengine wamesalimika. Asipopatikana hata mmoja, dhambi ni ya wote walioweza wakaacha. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, katika kitabu chake Ihya aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Na wanazuoni wetu wa Kishafii wamepanga ya kuwa mwanamke mgonjwa hutibiwa kwanza na mwanamke Mwislamu. Hukumu tumeisoma, mwenye kuitekeleza hatukumwandaa.

Wala haandaliwi kwa siku moja. Miaka miwili ni ya kidato cha tano na cha sita, mitano ya chuo kikuu, na mmoja wa kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi: jumla miaka 8. Na mlango wa kwanza ni masomo hayo matatu. Aliyemzuilia binti yake Baiolojia leo, amewazuilia wanawake wa mji wake daktari wa baada ya miaka 8.

Sasa tuzijibu hofu zenu.

Masala ya kwanza, kupasua wanyama. Imepokewa katika Abu Daud ya kuwa tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Basi mwanafunzi na amwombe mwalimu wake, kwa adabu, apewe panya, kwani panya ameruhusiwa kuuawa katika hadithi sahihi. Wala mnyama asipasuliwe yu hai. Auawe kwanza kwa dawa isiyomtesa, kwani tumeamrishwa wema hata katika kuchinja. Na kwa kuwa mzoga na damu ni najisi, avae glavu, aoshe mikono na nguo iliyopatwa, ndipo asali.

Masala ya pili, mambo ya uzazi. Ajabu ni kuwa wanaolalamika ni wale wale waliowaleta watoto chuoni kusoma Safina, humo wakajifunza ya kuwa hedhi uchache wake ni mchana na usiku, na wingi wake siku 15, na nifasi wingi wake siku 60. Hatukuona aibu, kwa kuwa ni elimu ya tohara. Na Mwenyezi Mungu ametutajia katika Sura ya Al-Muuminun hatua za kuumbwa mtoto tumboni, tangu tone la manii hata nyama na mifupa. Alilolitaja Mola wetu ili tuzingatie, haliwi aibu likisomwa kwa heshima.

Masala ya tatu, kubadilika kwa viumbe, somo lililoenea tangu kitabu cha Darwin cha mwaka 1859. Mwanafunzi na alisome sawasawa, ajue hoja zake na ushahidi wake, ajibu mtihani kwa lililoulizwa. Na likimtatiza jambo juu ya kuumbwa kwa Baba yetu Adam, amwendee mwanachuoni, wala mwanachuoni asimfukuze kwa ukali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na swali ni vivyo hivyo.

Kumbukeni Ibn Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288. Alikuwa faqihi wa madhehebu yetu ya Shafii, naye ni tabibu. Mwaka 1242 aliikataa kauli ya Jalinus ya kuwa ukuta wa katikati ya moyo una matundu, akaeleza ya kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, ndipo ikarejea upande wa kushoto. Fikihi haikumzuia kuujua moyo, wala kuujua moyo hakukumtoa katika fikihi.

Basi mwenye binti aliyechaguliwa, na ampeleke, amnunulie vitabu, asimkatishe darsa yake ya dini. Nasi walimu tusimpangie darsa saa ya maabara. Ewe Mola wetu, wajaalie mabinti zetu wawe shifaa kwa mama zao.

Wabillahi ttaufiq.