Oga Kwanza, Ndugu Yangu

Ndugu zangu wanaume, leo sihubiri zinaa. Hiyo mmehubiriwa Ijumaa na Jumapili tangu mkiwa wadogo, mkaitikia amina, na mliyoyafanya baada ya hapo mnayajua wenyewe. Leo nahubiri adabu. Nasema na wewe uliyelipia saa moja ya masaji, ukavua shati, ukalala kifudifudi, kisha ukasahau kwamba aliyekushika bega ni mtu aliye kazini.

Sikilizeni! Kukanda si kazi iliyozuka jana, wala si kichaka cha kufichia kazi nyingine. Hapa pwani bibi zetu waliwakanda wazazi kwa maji ya moto, wakawasinga maharusi kwa liwa, wakawanyoosha wavuvi migongo kwa mafuta ya nazi, na mkandaji aliheshimiwa kama mkunga. Kule Bangkok, hekalu la Wat Pho lina shule ya tiba za jadi tangu mwaka 1955, na mwaka 2019 UNESCO iliingiza masaji ya Kithai katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Watu wanaisomea kazi hii! Wanajifunza msuli unaanzia wapi, unaishia wapi, na mahali gani pasiguswe kabisa. Wewe unaingia, hujamaliza hata kusalimia, unauliza: "Mna nini kingine?"

Basi tuanzie mlangoni, maana aibu zenu zinaanzia hapo hapo. Oga! Umeshinda Kariakoo juani, umebanana kwenye daladala, soksi umevaa tangu alfajiri, halafu unataka mwenzako ainamishe uso juu ya mgongo wako kwa dakika 60. Kama hukupata nafasi nyumbani, omba bafu pale pale. Kata kucha. Na ukiwa umelewa, usije. Rudi kwako ukalale. Mlevi hasikii maumivu, hasikii ombi, na neno "acha" humpita kama upepo.

Fika saa mliyopatana. Ukichelewa dakika 20, hizo ni zako. Usimlipishe yeye foleni ya Mwenge.

Kabla hajaanza, sema ukweli wa mwili wako. Una presha? Umepasuliwa juzi? Una homa, au vidonda kwenye ngozi? Lozi au karanga zinakudhuru? Sema, maana mafuta mengine hutokana nazo. Na kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usikubali ukandwe, hata ukibembelezwa. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na bonge hilo likisukumwa linaweza kukimbilia kwenye mapafu na kukuua. Huo ni mguu wa kupeleka hospitali.

Bei uliza ukiwa bado umevaa suruali. Ukishakubali, umekubali. Nawaona mnaotaka punguzo baada ya kukandwa, mkiwa mmeshanyooka na kupendeza, mnasema mtandao wa simu unasumbua, mtatuma baadaye. Baadaye lini? Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unawakemea matajiri waliozuia ujira wa vibarua wao, na Mtume alihimiza mtu wa kazi alipwe bila kucheleweshwa. Sijui mnasali dini gani nyie mnaotoroka na pesa ya mkandaji. Saluni nyingi humpa yeye sehemu tu ya ile unayolipa kaunta, iliyobaki ni ya mwenye duka. Kwa hiyo bakshishi ni jambo jema, toa. Lakini iwe shukrani ya kazi iliyokwisha, isiwe chambo.

Sasa tufike kwenye taulo, maana hapo ndipo nilipokuwa napaendea.

Taulo lile umefunikwa kwa sababu. Yeye hulikunja kidogo kidogo, mguu mmoja, kisha mwingine, mgongo, kisha analirudisha. Ndivyo alivyofundishwa. Wewe unalisukuma kwa mkono, kana kwamba limeteleza lenyewe. Analirudisha, hasemi kitu. Unalisukuma tena. Unamshika kiuno "kwa bahati mbaya". Unamuuliza kama ameolewa, anaishi wapi, anatoka kazini saa ngapi. Anacheka kidogo, nawe unasema moyoni: amekubali. Hakukubali! Yuko peke yake na mwanaume aliyemzidi nguvu, mlango umefungwa, bosi yuko nje anahesabu wateja, na kodi ya chumba inadaiwa. Kicheko kile ni cha mtu anayetafuta njia ya kutoka salama. Nyinyi mnaojigamba barazani kwamba mnawajua wanawake, hata hili hamlijui?

Mwili wa mwanaume una mambo yake, na wakandaji wenye uzoefu wanajua kwamba damu huchemka bila kuitwa. Hilo si kosa. Tulia, pumua, litapita. Kosa ni kuligeuza kuwa ombi, na ombi kuwa sharti.

Msidhani nahubiri heshima tupu isiyo na meno. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza udhalilishaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu, na maneno na ishara vimo, si mikono peke yake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unataka mfanyakazi alindwe dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, hata unaoletwa na watu wa nje kama wateja. Uganda na Rwanda zimekwisha kuuridhia.

Najua jibu lenu. Mtasema: "Lakini yule si wa masaji tu, anajiuza." Haya, tuseme ni kweli. Basi umenunua nini? New Zealand waliihalalisha biashara hiyo mwaka 2003, na sheria ile ile inasema anayeifanya anaweza kukataa wakati wowote, hata kama mapatano yameshafanyika. Mwaka 2014 baraza la haki za binadamu la huko liliamuru mwanamke aliyefanya kazi katika danguro la Wellington alipwe dola 25,000 za nchi hiyo, kwa sababu mwendesha danguro alimdhalilisha kwa maneno ya kingono. Danguroni, ndugu zangu! Hata humo mwanamke ana mpaka, na aliyeuvuka alilipa. Kwetu hapa sheria ya namna hiyo haipo. Akipigwa anaogopa kwenda polisi asije akawekwa ndani yeye. Wewe unalijua hilo, na wapo miongoni mwenu wanaolitumia. Mola anawaona.

Na nyinyi mnaokodi mwenza wa kula naye chakula cha usiku, au wa kusafiri naye Bagamoyo mwisho wa wiki, mnaopenda aonekane kama mchumba: sipendi mnachofanya, lakini kikifanyika kifanyike kiungwana. Semeni mapema saa ngapi hadi saa ngapi, malipo kiasi gani, nauli ya kurudi nani anatoa. Jina alilokupa litumie hilo hilo. Usichimbe la kuzaliwa. Usimtafute kanisani kwao. Ukikutana naye sokoni yuko na mama yake, pita. Simu yako iwe mfukoni, na hilo linawahusu nanyi wa masaji: nimesikia ya simu zinazoegeshwa kwenye kiti, kamera ikitazama kitanda. Huo ni wizi, na picha ile ikisambaa haiwezi kurudishwa. Na kama mmefika kule nisikotaka mfike, kondomu si ya kujadiliana. Ujerumani, tangu mwaka 2017, sheria inamlazimu mteja kuivaa, na mteja ndiye anayepigwa faini.

Kuna jambo moja ambalo halina adabu yake, lina kukimbia tu. Ukifungua mlango ukamkuta mtoto, au ukahisi ni mtoto, au ukamwona binti asiyeruhusiwa kutoka nje, ambaye pasi yake anaishika bosi, usikae hata dakika. Usijipe moyo kwamba angalau wewe utamtendea kwa upole. Ondoka, ukatoe taarifa. Kwa mtoto, namba ni 116, Tanzania na Kenya, kupiga ni bure. Ukinyamaza kwa kuogopa kuulizwa wewe ulikuwa unatafuta nini pale, damu yake utaulizwa wewe.

Neno la mwisho ni lako, mwenye duka. Usijifiche nyuma ya kaunta ukisema mteja ni mfalme. Andika masharti ukutani leo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: bei, muda, taulo, mikono. Weka kengele ndani ya kila chumba, na ikilia uende mwenyewe. Yule wa kwanza atakayevunja masharti, hata awe mheshimiwa anayekuja kila wiki na kuacha noti nyekundu, mrudishie shati lake na umtoe nje. Na binti uliyemtetea, mlipe saa yake yote.