Cha Bure Kina Deni

Mwaka juzi nilikuta hadithi yangu imetolewa kopi, inauzwa kando ya barabara, na jina langu limefutwa. Nilifoka, we acha tu. Rafiki yangu akanisikiliza mpaka nikachoka, halafu akauliza taratibu: "Na hiyo Windows uliyoandikia hadithi, uliinunua wapi?"

Nikanyamaza. Fundi aliniwekea ya kunakili, kwa bei ya soda mbili.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga. Ya kuiba je?

Basi nikaiondoa. Pesa ya kununua halali sikuwa nayo, nikatafuta mfumo endeshi usiohitaji wizi. Wengi huenda Ubuntu. Mimi nikaangukia OpenBSD, mradi ulioanzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, huko Calgary, Kanada. Mafundi wa mtaani kwetu hata jina hawalijui. Wiki ya kwanza niliona cha mtema kuni: herufi tupu kwenye kioo, hakuna kipicha cha kubonyeza. "Unajitesa bure," jamaa akanicheka.

Bure! Neno hili la kwetu lina sura mbili: kisicho na bei, na kisicho na faida. Sisi tumezifanya moja.

Leseni ya OpenBSD kwa kazi zake mpya inakuambia: tumia, nakili, badili, gawa, ila jina la mwandishi na ruhusa yake visiondolewe. Mimi niliyefutwa jina nilisoma sharti lile mara tatu.

Lakini je, ruhusa inafuta deni? Watu haohao walitoa OpenSSH mwaka 1999, programu inayolinda mawasiliano ya seva dunia nzima, za matajiri zikiwemo. Na bado, Januari 2014 walilazimika kuomba dola 20,000 hivi za kulipia umeme, la sivyo mradi ungeweza kufungwa. Michango ikaja. Ila fikiria: wageni wote wameshiba, na mpishi hana kuni.

Sisemi aliyenunua Windows kakosa. Kalipa, yuko sawa. Nasema mwizi anadaiwa alichochukua, na mimi nadaiwa nilichopewa. Deni langu halina mdai wala polisi, ndiyo maana linanipima utu. Nalilipa kidogo kidogo: naandika maelekezo kwa Kiswahili, kijana anayenifuata asihangaike kama mimi.

Na wewe unayetaka kutoa kopi ukurasa huu wangu? Toa tu, ndugu yangu. Jina liache.