Keki ya Krismasi na Deni la Dukani

Krismasi ikikaribia wengi wetu huenda dukani kukopa unga, sukari na siagi, ili tusiaibike mbele ya wageni. Je, mgeni huheshimiwa kwa kitu cha mkopo?

Mwezi huo huo wa Desemba maembe huanguka chini ya miti yetu, na ndizi huiva kwa mkungu mzima mpaka nyingine huoza. Tukiziponda ndizi hizo, tukatia mayai ya kuku wetu na unga kidogo, tukaoka kwa makaa machache chini ya sufuria na mengine juu ya mfuniko, tunapata keki ambayo watoto huigombania.

Hatusemi kununua ni dhambi. Lakini deni la Desemba hulipwa Januari, na mara nyingi anayelilipa ni mtoto anayefungua shule bila madaftari. Ukarimu wa namna hiyo una kasoro.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, mwenye shamba aliagizwa kuwaachia maskini na mgeni sehemu ya mavuno yake. Hakuagizwa kukopa. Basi tutoe tulichovuna, na kipande cha kwanza kiende kwa jirani asiye na mgomba.