Nusu ya Kuonana

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliuchukua kama sifa kwa barua: hata ukiwa mbali, andika, utakuwa umefika nusu ya njia. Siku hizi nauliza ile nusu nyingine inakuwa mikononi mwa nani. Nina sababu ya kuuliza. Kuna siku ilikuwa mikononi mwangu, nikiwa na miaka kumi na miwili na kaptura ya shule.

Ilikuwa mwaka 1986, kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Liuli. Wakati ule mwambao wote ulikuwa Wilaya ya Mbinga. Sasa ni Wilaya ya Nyasa. Nilikuwa darasa la sita, nasoma bila kukwama, na kwa sababu hiyo nilikuwa msomaji wa barua wa mtaa mzima. Barua ikifika kwa mtu asiyejua kusoma, naitwa. Malipo yalikuwa kipande cha muhogo wa kuchemsha na usipa wa kukaanga. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Jirani yetu mmoja, dada wa kama miaka kumi na tisa, alikuwa amechumbiwa na kijana aliyekwenda kukata mkonge Tanga. Posa ilishapokelewa na sehemu ya mahari ilishaliwa. Barua za mchumba wake zilikuja kila baada ya miezi mitatu minne, na masika barabara ikikatika zilichelewa zaidi. Siku hiyo nilisoma kama kawaida, dada kakaa mkekani, mama yake anachambua mboga pembeni lakini masikio yote yako kwetu. Salamu, habari za kazi, mvua za huko. Kisha macho yangu yakafika mahali kabla ya mdomo kufika. Kijana alisema hajui tena atarudi lini. Akasema kama dada amechoka kumsubiri, aseme tu. Hatamlaumu, na atawaomba wazee wake wasidai kitu.

Nikaruka. Nilimtazama mama mtu, nikamtazama dada aliyekuwa anatabasamu tangu salamu za kwanza, nikaenda moja kwa moja kwenye "wasalimie wote wanaoniulizia". Hakuna aliyegundua. Kisha nikapewa kalamu niandike jibu. Dada akasema, "Mwambie nipo, namsubiri." Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Hebu tazama kilichotokea. Kule Tanga kijana alipokea jibu la swali lake. Huku ziwani, dada hakujua kwamba ameulizwa.

Je, nilisema uongo? Kila neno nililotamka lilikuwa ndani ya barua. Kila neno nililoandika lilitoka kinywani mwa dada. Ukinipeleka mahakamani sijui utanishtaki kwa kosa gani. Hata hivyo swali hilo halijaniacha, na nimegundua kwamba ni la zamani kama barua zenyewe kwenye ufuko huu.

Barua za herufi za Kirumi zilifika kwetu pamoja na shule. Waanglikana wa UMCA walijenga makao yao kisiwani Likoma mwaka 1885, na kutoka huko walimu walitawanyika vijijini. Mwaka 1901 walishusha majini meli yao, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Huku milimani, Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, upande wa Wamatengo, mwaka 1899. Katika muda wa kizazi kimoja, kijana wa mwambaoni au wa milimani aliweza kufanya jambo ambalo baba yake hakuliwaza: kumwambia binti kitu bila kufungua mdomo mbele ya mtu.

Au ndivyo alivyodhani.

Tuwawazie vijana wawili wa mwaka 1910 hivi. Yeye ni mwalimu msaidizi, amepangiwa kijiji cha mbali na kwao. Binti yuko kwao, amejifunza kusoma kidogo tu, kwa sababu mama alimhitaji shambani. Barua inatoka kwa mwalimu, inakabidhiwa mtu anayepita, inapanda mtumbwi au meli, inalala kwenye nyumba ya mwalimu mwingine, inafika. Binti anaishika. Inabidi amtafute wa kumsomea, na wasomaji kijijini ni wachache: mwalimu wa pale, kaka yake binti, au padri mwenyewe. Barua ya siri, inayosomwa na mtu ambaye kesho atakutana na baba yake!

Mwanahistoria Keith Breckenridge aliandika mwaka 2000 kuhusu barua za mapenzi za wafanyakazi wa kusini mwa Afrika kati ya 1900 na 1933, akaonyesha kwamba nyingi ziliandikwa na kusomwa kwa msaada wa watu wengine. Mapenzi yenyewe yalikuwa ya watu wawili, lakini karatasi ilikuwa ya watu wanne watano. Jambo hilo linatuhusu sana, kwa sababu wanaume wa pande zote za ziwa hili walikwenda kusini kutafuta kazi migodini, na wengine hawakurudi. Ng'ambo huko waliwapa jina, machona, waliopotelea ugenini. Mwanamke wa machona alikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia kama asubiri au asisubiri. Ni barua, na sauti ya mtu wa kuisoma.

Mtu anaweza kusema: tatizo liko wapi? Kabla ya barua palikuwa na mshenga, naye pia alibeba maneno ya watu. Ni kweli. Tena mshenga alikuwa fundi wa kupunguza na kuongeza. Baba wa binti akifoka, mshenga akirudi alisema, "Wamesema wanahitaji muda." Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kulainisha. Lakini kuna tofauti mbili ambazo naziona nzito.

Ya kwanza, kila mtu alijua kwamba mshenga ni mshenga. Ukimsikiliza, ulijua unasikia maneno yaliyopita kinywani mwake, na ulikuwa na haki ya kumuuliza, "Alisema hivyo kweli, au umetupunguzia?" Msomaji wa barua haulizwi hivyo. Anasema "mimi" kwa niaba ya mtu aliye mbali. Nilipokuwa nasoma pale mkekani, dada hakumsikia mtoto wa jirani. Alimsikia mchumba wake. Hakuwa na sababu ya kushuku kwamba kati yao kuna mtu.

Ya pili, mshenga alikuwa mtu mzima mwenye dhamana. Ndoa ikiharibika aliitwa, alikalishwa, aliulizwa. Mimi nilikula muhogo wangu nikaenda kuogelea.

Liuli penyewe pana kisa kinachonisaidia kufikiri jambo hili, ingawa ni kisa cha vita. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe kubwa la ufukweni. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa hapo kwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades; walizoeana ziwani. Inasimuliwa kwamba alipanda kimashua akaenda kwa hasira kumuuliza mwenzake kama amelewa. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Rhoades alikuwa nazo. Berndt akakamatwa hapo hapo.

Watu hukisimulia kisa hicho wakicheka, nami nimekicheka. Lakini mtazame Berndt ndani ya kile kimashua. Si mjinga. Ana akili timamu, ana ujasiri, anaamua kama mtu yeyote angeamua kwa habari alizo nazo. Aliyemshinda ni mtu aliyejua kitu ambacho yeye hakukijua. Ukimnyima mtu habari, huhitaji kumshurutisha. Atatembea kwa miguu yake mwenyewe kwenda unakotaka, na atadhani ameamua.

Dada yule alitembea hivyo.

Sasa nijitetee kidogo, maana si haki kumhukumu mtoto kwa akili ya mtu mzima. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba uongo haufai hata mbele ya muuaji anayeuliza rafiki yako kajificha wapi. Wengi wetu tunaona hapo amepitiliza. Sisi tumelelewa tukijua kwamba si kila kweli hutamkwa mbele ya kila mtu. Kama ningeisoma ile sentensi kwa sauti, mama mtu angeisikia. Jioni baba angejua. Kesho yake wazee wangekutana kuijadili mahari, na dada angekuwa ametolewa mikononi mwa kijana na kuwekwa mikononi mwa ukoo, bado hajaulizwa. Kwa hiyo ile sentensi haikuwa salama kutamkwa pale. Hilo nalishikilia mpaka leo.

Lakini utetezi huo una mwisho wake. Unanipa ruhusa ya kunyamaza kwa saa moja. Haunipi ruhusa ya kunyamaza miaka. Ningeweza kumfuata dada jioni akienda kuchota maji nikamwambia, "Dada, kuna mahali sikusoma." Sikumfuata. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili niliona haya. Baada ya hapo ilikuwa raha tu kuona amefurahi, na mimi kujua kwamba furaha ile nimeitengeneza mimi. Hapo ndipo ninapoliona kosa lenyewe. Nilianza kwa kumlinda mtu, nikaishia kumwamulia.

Na huo, nadhani, ndio ugonjwa wa watu wote waliowahi kukaa katikati ya barua za wengine: padri aliyeona binti bado mdogo kusoma maneno yale, kaka aliyeona mchumba hafai, mama aliyeificha bahasha chini ya godoro. Wengi hawakuwa wabaya. Walipenda. Lakini kumpenda mtu na kumwachia uamuzi wake ni mambo mawili, na la pili ni gumu zaidi.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili. Inaruhusu pia aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, ila haipiti gharama alizotumia kwa sababu ya ahadi hiyo. Naona busara yake. Korti itaipimaje miaka ya kusubiri? Lakini basi tukubali kwamba kuna hasara zisizo na korti, na hizo hulindwa na uaminifu wa watu wa kawaida tu: anayebeba, anayesoma, anayeandika.

Usidhani mambo haya yamekwisha kwa kuwa sasa kila mtu ana simu. Barua ya posa bado ipo, Mbinga na kwingineko, na mara nyingi bwana harusi hata hakuiandika. Wazee wameandika, mshenga kaipeleka na noti ndani ya bahasha. Hiyo sina ugomvi nayo, maana kila mtu anajua ni barua ya ukoo. Zile za moyo zimehamia WhatsApp, na huko nako yupo shoga wa kukutungia jibu, yupo rafiki anayesomewa kila ujumbe, yupo mtoto anayemshikia bibi simu. Watu wa katikati hawajaondoka.

Kijana wa Tanga alirudi mwaka 1989. Walioana kanisani, wakapata watoto, wakaishi vizuri kadiri watu wanavyoishi. Yeye alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda arobaini, na watu walipopungua nilikaa na dada, sasa bibi mwenye wajukuu, nikamwambia. Nilisema haraka haraka, kama mtoto.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Marehemu alikuwa ananitania. Akisema, wewe nilikufungulia mlango ukakataa kutoka. Mimi nikidhani anasema mambo ya nyumba hii."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Ningesema namsubiri vilevile." Akatazama ziwani. "Lakini ningesema mimi."

Sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Ndoa ile ilikuwa njema, na bado nilimwibia kitu.

Baadaye alimtuma mjukuu alete sanduku la bati. Zilikuwemo zote, zimefungwa kwa kitambaa. Akazipekua, akatoa moja, akanipa. Wajukuu walikuwa wamekaa hapo, wanaojua kusoma kuliko nilivyojua mimi. Mmoja akanyoosha mkono aipokee.

"Acha," bibi yake akasema. "Asome yeye. Na safari hii asome yote."